Kibodi Nimeitoa kwenye Boksi Lako

Mume wangu Msengi, mjukuu wangu,

Salamu za kukuuliza hujambo siandiki, maana uko hapo kwa Mzee Shabani kwenye mashine ya alizeti unaaga, na kicheko chako nakisikia mpaka huku dukani. Mimi ni mzima. Nimekaa kwenye kiti chako, jua bado lipo na sina mteja. Nikimaliza nitaifunga barua hii kwenye mfuko wa nailoni niiweke juu kabisa ndani ya boksi, uikute Itigi ukifungua vyombo vyako. Usiifungue kwenye basi. Ukiifungua kwenye basi utashuka Singida urudi huku Iguguno kugombana na mimi, na mimi kesho nina kazi.

Nakwambia moja kwa moja, kuzunguka sijui. Boksi ulilolifunga nimelifungua. Nimetoa nilivyotoa, nimeweka nilivyoweka, nikalifunga tena kwa kamba ya katani, maana ile selotepu yako hata kuku angeipasua. Ile kibodi nyeusi ya zamani haimo. Iko hapa mbele yangu mahali pake, na waya wake nimeshauchomeka.

Sasa tafuta pa kukaa usome.

Habari za kula, kufua na kuwahi kanisani sikuandikii. Ulishalelewa. Kama hukusikia ulipokuwa unakula ugali wangu hutasikia kwa barua. Nakuandikia habari za hivi vidude vya kompyuta, kwa sababu ndivyo vitakavyokulisha huko, na kwa sababu juzi niliwasikia wewe na mjomba wako Daudi.

Mlidhani niko shambani. Nilikuwa nyuma ya duka napepeta mtama. Simu uliiweka kwenye spika maana mikono ilikuwa inafunga boksi. Nikamsikia mwanangu wa kumzaa, amekaa kwake Mandewa, Singida mjini, kwenye kochi, anasema, "Bibi yako namleta huku apumzike. Wewe funga duka tu. Akikosa cha kushika hatabisha."

Ukamjibu, "Kibodi nimeshaipakia, mjomba. Bila ile hawezi kuandika hata jina lake."

Daudi akacheka. "Basi umemaliza kazi."

Nikaendelea kupepeta. Uliponiona ukaniamkia, shikamoo bibi, kwa sauti laini kama ya wale wanaouza dawa stendi. Nikakuitikia marahaba, nikakupakulia, ukala, ukaomba na mboga ya kuongeza. Sasa ndiyo nasema.

Ulichosema ni kweli. Bila kibodi ile siwezi. Ndiyo maana nimeitoa.

Mama yako alipoileta kompyuta ya kwanza kutoka Kahama alikuja na vitu viwili, kompyuta na wewe. Ulikuwa hujaanza shule. Akaniambia, "Mama, hivi vikae kwako mpaka nitengemae." Akatengemaa hukohuko, akaolewa, akazaa wengine, na sina neno naye, simu anapiga. Ile kompyuta ilishakufa. Iliyofuata nayo ilikufa. Hii ya sasa uliinunua mwenyewe, na unaniachia, huko Itigi utanunua nyingine. Kitu pekee kilichobaki katika vile vya kwanza ni kibodi, na wewe, na wewe ndiyo unaondoka.

Unakumbuka ilivyopoteza herufi. Usijifanye hukumbuki, kwa sababu ulilia. Mashine ya Mzee Shabani ilikuwa inatupa vumbi lote huku kwetu, vumbi la maganda lenye mafuta ndani yake, likashika kwenye kibodi likawa kama ukoko wa sufuria. Mimi nikaona uchafu. Nyumbani kwangu uchafu hauna jina lingine. Nikaichukua mpaka uani, nikaitia kwenye beseni, nikaisugua kwa majivu kama ninavyosugua masufuria, upande huu na upande huu, ikang'aa. Nikaianika juani kwenye turubai pembeni ya mtama. Ulipotoka shule ukaikuta nyeusi tii, haina A wala B.

"Bibi, umefuta herufi zote."

"Nimefuta uchafu."

"Sasa tutaandikaje?"

"Wewe si umesoma? Utazikumbuka."

Ukalia, ukasema sisi ndiyo basi tena. Tukaiacha juani mpaka mtama wenyewe tulipouingiza ghalani, ukaichomeka, ikaandika. Huo ndio ubora wake wa kwanza. Kuna vitu madukani leo ukivipigia chafya vinakufa. Hiyo nimeisugua kwa majivu nikaianika na nafaka, ikaamka ikafanya kazi.

Ulizitafuta herufi moja moja ukaziandika kwenye vipande vya plasta ukavibandika. Plasta zikatoka, ukabandika nyingine, nazo zikatoka. Mwisho wa yote wewe ukawa huzihitaji, na mimi nikawa sina pa kusoma. Mimi nimesoma mpaka darasa la nne, na mwandiko wangu huu unauona. Nikasema sitaki kusoma vidude, nitavijua kwa mkono kama ninavyojua vyungu vyangu gizani. Nikachukua gundi ile kali, nikabandika punje ya mtama kwenye A, nyingine kwenye L, na mbegu ya alizeti kwenye kile kitufe kikubwa cha kushukia mstari wa chini. Kutoka kwenye hizo nikahesabu kwa vidole, huku kuna S, huku kuna K, nikapotea, nikaanza upya. Ulikuwa unapita nyuma yangu unacheka. Nilikuona kwenye kioo cha skrini.

Ile siku kuku aliruka kaunta akadonoa punje ya A, akaandika A ukurasa mzima kwenye barua ya mwenyekiti wa kijiji, mwenyekiti mwenyewe amekaa pale anasubiri. Akasema, "Bibi, huyu naye umemwajiri?" Nikamwambia huyu ana kasi kuliko katibu wako. Nilibandika punje nyingine. Kila msimu nabandika nyingine. Hiyo ndiyo kibodi uliyoitia boksini ukaifunika na mashati yako.

Najua hukuitia kwa ajili ya Daudi peke yake. Unaipenda. Vidole vyako vimekulia pale. Nilikuona unaifuta kwa kitambaa chako cha kwaya kabla hujaipakia, na mtu hafuti hivyo kitu anachokichukua kwa hila tu. Lakini sikiliza. Wewe nimekuona ukiandika kwenye simu kwa kidole gumba kimoja huku unatafuna muhogo. Ukipewa kibodi ya Kichina leo, kesho umeshaizoea. Mkono wangu umejifunza kitu hicho kimoja uzeeni, na kingine hautajifunza. Tukigombania kitu mimi na wewe, anakichukua yule asiye na kingine.

Nimekuwekea ile ya taa aliyoileta Daudi. Usinune. Daudi alipoileta aliiweka mezani kama ameniletea ng'ombe. Haina waya, inawaka kijani, inawaka nyekundu, usiku duka zima likawa kama baa. Nikaigusa. Vitufe vyake vimelala chini kabisa, unabonyeza kimoja hujui kama umebonyeza au umepapasa tu meza, na mimi macho yangu siku hizi yananidanganya, nategemea sikio. Ile nyeusi inalia. Nikigonga nasikia nimegonga, na kidole kikishuka kinarudishwa juu. Mzee Shabani anasema akisikia ile sauti anajua niko hai.

Na kosa langu juu ya ile ya taa ulilishuhudia. Sikuipenda, lakini wageni walikuwa wanaisifu, na mimi kusifiwa napenda, siwezi kukataa. Nikaiweka mbele, ile nyeusi nikaifunga kwenye kanga nikaitupa chini ya meza. Wakaja wale watu wa msiba wa Mama Ruti wanataka ratiba ya mazishi, na jeneza liko njiani. Katikati ya majina ya watoto wa marehemu ile kibodi ikazima. Chaji imekwisha. Ukatafuta waya wake wa chaji, rafiki yako ameondoka nao. Mtoto mkubwa wa marehemu amesimama pale kaunta na macho mekundu, wewe unatikisa kibodi kama chupa ya dawa. Nikainama mwenyewe nikafungua kanga. Ukachomeka, ukamaliza, wakaondoka na karatasi zao.

Tangu hapo kitu cha kwenye kazi nakiuliza swali moja tu, siku ya msiba utakuwepo? Taa uwashe usiwashe, shauri yako. Huko Itigi uliza hivyo kabla hujanunua. Na ukifika dukani usikubali muuzaji akuoneshe boksi. Toa kitu chenyewe, kiweke mezani, na kama ni kibodi gonga kile kitufe kirefu cha chini kwenye ncha zake mbili. Kama upande mmoja umeshuka na mwingine umebaki juu kama kitanda kibovu, kiache. Kisukume kwa kidole. Kama kinateleza, ni chepesi mno, utakifukuza meza nzima. Vuta waya wake kidogo pale unapoingilia, kama unacheza, utakatika ndani na hutauona. Haya umenifundisha wewe nusu, nusu nimejifunza kwa kununua vibovu.

Mausi nimekuwekea ile ya waya, ile iliyopauka mgongoni. Yako isiyo na waya nimeitoa, kwanza ni nusu mausi. Kile kidude chake kidogo cha kuchomeka, kidogo kama punje ya hindi, nilikifagia mimi. Uliuliza duka zima, ukapindua mpaka kapu la takataka, nikakaa kimya kwa sababu sikujua kama ndicho. Niliona kitu cheusi kwenye maganda ya alizeti nikafagia vyote nikavitia shimoni. Sasa umejua. Lakini na wewe, mtu anaweka roho ya kitu ndani ya punje halafu anaiacha kwenye meza ya bibi anayefagia mara mbili kwa siku. Ya waya haipotei. Ukitaka kujua iko wapi unafuata waya.

Sasa printa, hapa tutaongea kidogo.

Ile kubwa nyeupe ya tona, ya wino wa unga, nimekupa. Wewe uliniachia. Nilikuta umeiacha mezani na kale kakaratasi, "Bibi hii ni yako." Hapana, mume wangu. Huko unaanza, mimi naendelea. Anayeanza ndiye anayehitaji kitu kisichomwangusha. Nimekutolea ile ya wino ya rangi uliyoichukua kwa kunihurumia, ibaki hapa na mimi tunajuana.

Tunajuana kwa sababu ndiyo kosa langu kubwa kuliko yote dukani. Ulisema tununue ya tona, nyeusi na nyeupe, ya kazi. Mimi nikaona picha ya maua kwenye boksi la hii nyingine. Nikasema watu wa harusi watataka rangi. Ukasema, "Bibi, wino ukikaa bila kazi unakauka." Nikakujibu kwamba mimi nimehifadhi asali miaka na haijakauka, utaniambia nini kuhusu wino. Ukalibeba boksi. Ulikuwa na adabu kuliko mimi siku ile.

Masika ikaingia, watu wakaenda shambani, na hakuna anayeoa wakati wa kupalilia. Printa ikakaa. Mimi kwa kuiheshimu nikaifunikia kitambaa changu cha kufuma, kile cheupe chenye shada pembeni, kama nilivyofunika redio na kochi na kila kitu cha maana ndani ya nyumba. Mavuno yalipokwisha harusi zikaanza, ukaiwasha kitambaa hakijatoka vizuri, mimi ndiye niliyekuwa nimekirudisha nyuma nusu tu, ikavuta karatasi na shada la kitambaa pamoja. Ikaunguruma, ikakaa kimya. Na uzi uko ndani umejizungusha kwenye magurudumu yake yale ya mpira kama nywele kwenye kitana, na wino juu yake umekauka.

Fundi alipokuja akauliza nani amefanya hivi. Nikasema huyu mtoto. Akakusema mbele ya wateja, wewe unachomoa uzi kwa kibano kimya kimya. Hilo nadhani ulishanisamehe, na kama bado, samehe huko huko Itigi, una nafasi.

Wewe ndiye uliyeifufua, siyo yeye. Kwa hiyo naijua ilivyo. Nitaichapishia kitu kila Jumamosi hata kama hakuna mteja, wino utembee. Kitambaa sifuniki tena. Nafunika gunia safi la sulufeti, lile la plastiki, lisilo na nyuzi za kuning'inia. Na watu wakitaka kazi nyingi nitawaambia wangoje, na watangoja.

Hiyo ya tona inakaa hata miezi bila kazi, ukiiamsha inaandika. Vumbi tu ndilo adui yake. Huko Itigi kuna lile vumbi la reli na la barabara, chumba chako umesema kinatazama njia. Weka meza ndani, usiiweke mlangoni eti watu waione. Wakitaka kuiona wataingia.

Halafu ile UPS, ile nzito ninayoiita jiwe. Hiyo umeniachia na nimekurudishia, ndiyo maana boksi lilikuwa halibebeki, ukilihamisha tena libebe kwa chini, usilishike kwa kamba. Unajua tulivyoipata. Ilikuwa ofisini kwa watu waliokuwa wanahama, wakaiona nzito wakaiacha, tukaipeleka kwa fundi akaibadilisha betri. Kabla yake umeme ulikuwa ukikatika tunapoteza kila kitu, na mimi nilikuwa namkaripia mteja kana kwamba ameukata yeye. Mwalimu mmoja aliandika barua ya uhamisho ikapotea ikiwa imebaki sahihi, nikamwambia angekuwa hana maneno mengi ingewahi. Hakurudi tena. Anapita hapo barabarani kwenda kuchapisha Singida mjini, na ananisalimia vizuri tu, shikamoo bibi, na mimi naitikia, na kila akipita najua.

Jiwe hilo halikupi umeme wa kufanya kazi. Linakupa muda wa kumaliza sentensi na kuhifadhi. Likilia, hifadhi, zima, ukae na mteja muongee. Hapa Iguguno mtu akikuta umeme umekatika anavuta benchi anapiga stori mpaka urudi. Itigi kuna watu wa treni. Treni haitamngoja mtu aliyekuja kuchapisha barua kwako. Wewe unalihitaji kuliko mimi. Mimi nitahifadhi kila mstari, nina subira nayo kazi hiyo kuliko wewe.

Nimeona pia umepakia skana iliyopasuka kioo. Hiyo nimeiacha humo. Haina faida, lakini nimeona umeifunga vizuri kuliko vyote, na mtu ana haki ya kuwa na kitu kimoja kibovu anachokipenda. Mimi ninacho kitambaa kile.

Sasa Mandewa.

Mke wa Daudi simlaumu, ni mtoto mzuri, anapika wali wangu kando bila chumvi nyingi. Nyumba yao nzuri, vigae chini, maji ndani. Nilikaa kwao wakati nimetibiwa mguu. Asubuhi wanaondoka wote. Nikawa nakaa kwenye kochi na televisheni inaongea yenyewe. Nikaanza kukunja nguo, binti wa kazi akaninyang'anya, "Bibi acha, upumzike." Nikaenda kufagia uani, uani hakuna cha kufagia, ni zege. Mchana nikawa namuuliza saa ngapi, halafu namuuliza tena. Siku nyingine nilimuuliza na jibu lake sikulihitaji, nilitaka tu mtu aniulize na mimi kitu. Hapa kwangu kabla jua halijapanda mtu ameshaniuliza. Bibi, barua ya kuomba eneo la kuzikia inaandikwaje. Bibi, picha nne za pasipoti. Bibi, jina la mtoto wangu limekosewa kwenye karatasi ya shule. Najua ni nani ameoa, nani ameachwa, nani anahama, kabla ya mchungaji, kabla ya shehe.

Naandika polepole, hilo sijaficha. Jana tu Mzee Shabani alikuja kupima uzima wangu, akasema, "Bibi, ukianza kuandika barua ya mtoto anaingia la kwanza, ikitoka anamaliza la saba."

Nikamwambia, "Lakini itasomeka. Mafuta yako yana mchanga na watu wanakula."

"Na mumeo anaenda Itigi kutafuta mke mwenye meno."

"Aende. Akishamwona anavyopika atarudi kwa kibogoyo."

Akacheka mpaka akakaa. Huyo ndiye televisheni yangu. Nitampata wapi Mandewa?

Kwa hiyo Daudi akikupigia kesho au keshokutwa kuuliza kama duka limefungwa, usimung'unye maneno. Mwambie bibi ametoa kibodi. Ataelewa. Akikasirika anipigie mimi, si wewe. Wewe usijiweke katikati ya mimi na mwanangu. Nilimlea kabla yako, najua anapokasirika anakaa muda gani. Na usije ukamtuma mtu kuichukua kibodi kwa kunionea huruma, wala usiniletee mpya yenye herufi kubwa za wazee, nimeziona kwenye simu yako, ulikuwa unanitafutia. Nimeshukuru, sitaki.

Ukishindwa huko, rudi. Siandiki ili ukae na aibu kwenye chumba cha kupanga. Duka liko hapa na meza ina upande wa pili. Lakini usishindwe kwa uvivu wa kufuta vumbi. Kila jioni futa vitu vyako kwa kitambaa kikavu, vitazame waya zake, uvizime kwa utaratibu. Anayevuta waya ukutani kwa hasira atanunua vipya kila mwaka na kusema biashara ngumu. Mteja akikuudhi, funga mdomo mpaka karatasi yake itoke. Hilo mimi sikuliweza, na ninapolikumbuka namwona yule mwalimu anapita barabarani. Wewe una moyo wa kunyamaza, niliuona siku ya uzi. Usije ukautupa ukadhani ni unyonge.

Mzee Shabani amezima mashine, kwa hiyo unarudi sasa hivi. Nafupisha, nifunge na duka usije ukaingia ukaona kabla ya kesho.

Lile tangazo lako ulilolibandika mlangoni, kwamba steshenari itafungwa na wateja wanashukuriwa kwa ushirikiano, nimelibandua nikawashia jiko. Nimekuja kukaa hapa nikaandika lingine. Limenichukua tangu ulipoondoka kwenda kuaga kwaya mpaka ulipofika kwa Shabani. Nilikosea mara nyingi, nikafuta mara nyingi, na ile printa ya wino ikakohoa kidogo halafu ikalitoa. Hii hapa kazi ya mkono wangu kutoka kwenye kibodi yangu. Kesho basi lako likishaondoka, sitasimama stendi kupunga mkono, nina gundi mkononi, nitalibandika:

STESHENARI IKO WAZI KAMA KAWAIDA. ANAYEANDIKA NI BIBI. MWENYE HARAKA AENDE SINGIDA.

Bibi yako